Historia ya Mafuta ya Nywele Pwani

Wengi wetu tukisikia neno historia hufikiri habari za wafalme, vita na mikataba. Mambo hayo ni historia kweli, walakini si historia yote. Ziko habari nyingine zilizokaa jikoni, kando ya chungu, kifumbu na mbuzi ya kukunia nazi. Habari hizo aghalabu hazikuandikwa, kwa kuwa wanawake waliozijua hawakuombwa kuziandika. Mojawapo ni habari ya mafuta ya nazi yaliyopikwa nyumbani kwa ajili ya kulainisha nywele. Ni jambo dogo kwa kulitazama, lakini mtu akilifuata litampeleka Kilwa, Dhofar, Malindi na Marseille, kisha litamrudisha mbele ya rafu ya duka.

Watu wa pwani waliujua mnazi hata wakalipa tunda lake jina jipya kwa kila umri: kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi. Nazi ikikaushwa huitwa mbata. Lugha haigawi majina mengi hivyo kwa kitu kisichotumika. Mnazi wenyewe ulienezwa na mabaharia. Mwaka 2011 wataalamu waliochunguza urithi wa minazi ya dunia walieleza kuwa iko koo mbili kubwa, moja ya Bahari ya Hindi na nyingine ya Pasifiki, na kwamba katika Madagaska na pwani ya Afrika Mashariki koo hizo zimechanganyika. Mchanganyiko huo ni alama ya safari za kale za watu wa visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki.

Kazi ya kupika mafuta hayo yataka subira kuliko nguvu. Nazi iliyokomaa hufuliwa, ikavunjwa, ikakunwa kwa mbuzi. Nazi iliyokunwa hutiwa maji ya uvuguvugu, ikakamuliwa kwa kifumbu mpaka lipatikane tui zito. Tui huachwa usiku kucha katika chombo kilichofunikwa. Asubuhi sehemu nzito huwa imepanda juu, na maji yamebaki chini. Sehemu ile ya juu huenguliwa na kupikwa kwa moto mdogo. Maji yakisha kukauka, mafuta hujitenga, na mashapo hugeuka rangi ya kahawia. Hapo chungu huepuliwa mara moja, kwa maana moto ukizidi mafuta hunuka kuungua. Huchujwa kwa kitambaa safi, na mwenye kupenda manukato hutia maua ya asumini.

Mafuta haya yana tabia inayowashangaza wageni. Mombasa, wakati wa joto, hutiririka kama maji. Yakipandishwa Limuru huganda yakawa meupe. Si kwamba yameharibika. Mafuta ya nazi huyeyuka katika joto la nyuzi 24 hivi, na chini ya hapo hushikamana. Atakaye yagande hata pwani huongeza nta ya nyuki, sehemu moja ya nta kwa sehemu tano za mafuta. Viwili hivyo huyeyushwa pamoja katika bakuli lililowekwa ndani ya sufuria yenye maji ya moto, wala si juu ya moto wenyewe, kwani nta hushika moto. Kiasi cha ncha ya kidole chatosha: husuguliwa viganjani, kikapakwa nyweleni kabla ya kusuka.

Hapana budi kukumbuka kuwa pwani haikuwa peke yake katika maarifa haya. Agikuyu walikamua mafuta ya mbarika, wakajipaka pamoja na udongo mwekundu. Wamaasai walichanganya udongo wa namna hiyo na mafuta ya wanyama. Kila nchi ilitafuta mafuta katika kile ilichojaliwa kuwa nacho.

Sasa tutazame maandishi. Mwaka 1331 msafiri Ibn Batuta, mzaliwa wa Tangier, alifika Mombasa na Kilwa. Kutoka Kilwa alisafiri kwa bahari hadi Dhofar, ambayo leo ni sehemu ya Oman. Katika kitabu cha safari zake, kilichomalizika kuandikwa mwaka 1355, anapoieleza Dhofar anasimulia kuwa nazi ilikatwa vipande, ikaanikwa juani, ikapikwa katika masufuria makubwa, na mafuta yake yakawashiwa taa, yakaliwa kwa mkate, tena wanawake wakayapaka nywele zao. Mwanafunzi wa historia na asome kwa uangalifu: maneno hayo yahusu Dhofar, si Kilwa. Hata hivyo yatufaa, kwa kuwa pepo za kusi na kaskazi ziliziunganisha bandari hizo mbili, na penye kupita watu na bidhaa hupita maarifa pia.

Kwa muda mrefu, basi, mafuta yalikuwa kitu cha nyumba na cha soko la karibu. Katika karne ya 19 mambo yaligeuka. Viwanda vya Marseille, Ufaransa, vilihitaji mafuta ya mimea kwa kutengeneza sabuni, na wafanyabiashara wake wakaja Unguja na Lamu kununua ufuta na mbata. Kiasi cha mwaka 1861, chini ya Sultani Majid bin Said, mji wa Malindi uliokuwa umehamwa ulikaliwa tena, na mashamba makubwa ya mtama na ufuta yakafunguliwa. Waliolima mashamba hayo kwa jasho lao walikuwa watumwa. Mkataba wa mwaka 1873 ulifunga soko la watumwa la Unguja, lakini katika pwani ya Kenya utumwa haukuondolewa katika sheria mpaka mwaka 1907. Madaftari ya biashara yalihesabu mizigo ya mbegu na bei zake. Majina ya waliozipanda na kuzivuna hayakuwa na safu ndani yake.

Mwaka 1872 ulileta mambo mawili katika pande mbili za dunia. Mwezi wa Aprili kimbunga kikali kiliipiga Unguja, kikaangusha minazi na mikarafuu mingi sana. Mwezi wa Juni, huko Marekani, Robert Chesebrough alipata hataza ya kitu alichokiita Vaseline, kilichosafishwa kutoka katika petroli ya ardhini. Mambo hayo hayakusababishana. Lakini kitu kile cha Chesebrough, na vingine vilivyokifuata, vilienea duniani hata vikafika kwetu katika vikopo. Tuseme haki: havikuwa vibaya. Havichachi, bei yake si kubwa, tena hulinda ngozi isikauke. Hata jina vilijipatia. Leo katika sehemu nyingi, hasa Tanzania, mtu akitaja mafuta ya mgando ahitaji yale ya petroli, wala hafikirii nazi iliyoganda kwa baridi au kwa nta ya nyuki.

Je, mabibi zetu walipopaka mafuta ya nazi walifuata mazoea tu? Mwaka 2003 wachunguzi wawili wa India, Rele na Mohile, walichapisha matokeo ya kulinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya petroli. Waliona kuwa ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza upotevu wa protini katika nywele, kwa kuwa chembe zake ni ndogo na zilizonyooka, nazo huweza kupenya ndani ya unywele. Wachunguzi hao walikuwa watumishi wa kampuni iliyouza mafuta ya nazi, na msomaji mwenye busara hupima ushahidi kwa kumtazama pia mwenye kuutoa. Hata hivyo maelezo yao yapatana na jambo ambalo mikono ya wanawake ililijua karne nyingi kabla ya maabara.

Tumeona, basi, kuwa mafuta yaleyale yalikuwa na historia mbili. Moja ilitunzwa katika madaftari ya wafanyabiashara. Nyingine ilitunzwa katika kumbukumbu za wanawake, nayo ni maskini wa maandishi. Ya kwanza twaweza kuisoma hata baada ya miaka mia. Ya pili hufa pamoja na mwenye kuijua, kama hakuna aliyemwuliza. Kijana aliye na nyanya nyumbani ana hazina mkononi. Na aende kwake kwa adabu, amwombe amwonyeshe jinsi mama yake alivyotengeneza mafuta, ya nazi, ya mbarika au ya mnyama. Kisha aandike katika daftari vipimo, majina ya vyombo, mahali na mwaka, na juu ya ukurasa aliandike jina la nyanya mwenyewe.