Injini kuukuu za Lister, ukusanyaji na ukarabati wa

Uraibu, na aghalabu njia ya riziki, wa kukusanya na kufufua injini za dizeli za kampuni ya R. A. Lister ya Dursley, Uingereza. Aina iliyo mashuhuri, CS, ilitolewa mwaka 1929, nayo kwa kawaida ina silinda moja iliyosimama wima, magurudumu mawili mazito ubavuni, na nguvu-farasi 5 kwa mizunguko 600 tu kwa dakika. Na ni upole huo wa mwendo ulioijaalia umri mrefu. Huwashwa kwa hendeli, pasipo betri.

Katika nchi za baridi kali wapenzi wa mashine kuukuu huhifadhi mitambo ya kuondolea theluji. Ilhali katika nchi ya kahawa, migomba na mahindi kama Bugomora, kata iliyo katika Kyerwa, wilaya ya Tanzania iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, mashine inayostahili mahaba ya namna hiyo ni injini ya dizeli izungushayo kinu kwa mkanda.

Fundi hufungua kichwa cha silinda, hukwangua masizi, husaga valvu zikae sawasawa, hubadili ringi za pistoni na kusafisha nozeli. Kwa kuwa Rajkot, India, iliunda nakala nyingi za injini hizi, vipuri havikuadimika. Kuihifadhi mashine kama hii ni kuuhifadhi ustadi wa mikono, amana isiyofaa kupotea.