Karavanserai ya Bagamoyo: Nyumba ya Wapagazi na Safari ya Lugha

Yapo majengo ambayo fahari yake haimo katika ukubwa wala mapambo, bali katika nyayo za watu waliopita mlangoni. Mojawapo ni Karavanserai ya Bagamoyo, katika pwani ya Tanzania. Jina hilo lina asili ya Kiajemi, na maana yake ni jumba la misafara. Zamani lilikuwa pahali pa kupumzikia wasafiri wa bara na kuweka mizigo yao. Siku hizi ni makumbusho ya historia ya mji. Mwalimu wa Kiswahili atokaye Burundi, Uganda au Kongo anafaa kulizuru, kwani lugha aifundishayo ilimfikia kwa njia iliyoanzia katika mji huu.

Mgeni apitaye langoni huingia katika ua uliozungukwa na vyumba, na katikati yake husimama nyumba ya ghorofa. Aghalabu mazungumzo ya wageni huelekea kwenye pembe za ndovu, biashara ya watumwa na wapelelezi wa Kizungu. Habari hizo ni za kweli, na hapana ruhusa kuzificha. Lakini aliyehitaji pahali kama hapa kuliko wote ni mtu asiyetajwa sana kwa jina: mpagazi.

Katika karne ya 19, njia ya kati ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Tabora, ikafika Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000. Mbung'o waliwaua farasi na ng'ombe, kwa hiyo mali nyingi ilikwenda kichwani na begani. Mzigo wa kawaida ulikaribia frasila mbili, yaani kilo thelathini na ushei. Kwenda bara walichukua nguo za merikani, shanga na nyaya za shaba. Kurudi pwani walichukua pembe. H. M. Stanley, ambaye alikuwa na haraka, aliondoka Bagamoyo mwezi Machi 1871 akafika Tabora mwezi Juni. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi; ndiyo sababu vitabu vingi vilimsifu mwenye msafara, vikamsahau mwenye kichwa kilichobeba.

Wapagazi hao walikuwa nani? Wengi, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru. Walipatana ujira, wakadai posho yao, na wakidhulumiwa waliweza kutua mizigo na kuondoka. Upagazi kwao ulikuwa kazi yenye heshima, na kijana aliyewahi kuiona bahari alirudi kwao akisikilizwa. Hata hivyo, katika njia hiyo hiyo walipita mateka waliofungwa minyororo, na wengine walibeba mizigo kwa kulazimishwa. Ujira na utumwa vilikanyaga vumbi moja.

Hali hiyo imo katika jina la mji wenyewe. Bagamoyo, husemwa, ni "bwaga moyo". Wako wanaolifasiri kwa furaha: mpagazi amefika pwani, atue mzigo na kuutuliza moyo. Wako wanaolifasiri kwa huzuni: mateka ameiona bahari, auache moyo wake hapa, maana mwili unavushwa. Mwalimu asiharakishe kuchagua. Neno "bwaga" ni la mtu mwenye mzigo, na mizigo ya njia ile haikuwa ya namna moja.

Sasa tutazame lugha. Katika kambi moja walilala Mnyamwezi, Myao, Mmanyema, Mswahili wa pwani na Mwarabu. Walihitaji kupatana bei, kugawana chakula, kuuguzana na kuonyana juu ya hatari za njia. Hayo yalifanyika kwa Kiswahili, bila shule wala kitabu. Wala si pwani pekee iliyotoa: neno "mnyapara", tulitumialo kwa msimamizi wa kazi, lina asili katika Kinyamwezi. Kutoka Ujiji lugha ilivuka ziwa ikafika Nyangwe na Kasongo, ikazaa Kingwana cha Kongo. Kutoka Tabora njia nyingine ilipanda kupitia Karagwe hadi Buganda. Na Bagamoyo yenyewe ikamtoa mwalimu: Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa mwaka 1903, alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili.

Misafara haikudumu. Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia makao yao makuu Dar es Salaam. Reli iliyoanza kujengwa huko mwaka 1905 ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mizigo ikapanda gari moshi, na ua wa wapagazi ukabaki kimya. Lugha haikurudi nao pwani. Ilibaki masokoni, majumbani na vinywani mwa watoto.

Tufundishao nje ya pwani tumezoea kusikia wanafunzi, na hata wazazi, wakisema kwamba Kiswahili ni lugha ya wageni, ya askari na wafanyabiashara ya watumwa. Tusijibu kwa kukana maovu yaliyotendeka, kwani yalitendeka. Tujibu kwa kuikamilisha habari. Lugha hii ilichukuliwa pia na mkulima aliyeacha jembe baada ya mavuno akatafuta ujira, akajifunza kusema na jirani asiyemjua. Huyo hakuwa mgeni. Alikuwa mtu wa bara, mfano wa babu zetu. Anayesimama katika ua ule wa Bagamoyo na amkumbuke, na akirudi darasani amtaje.