Betri Ilipokuwa Mzazi

Siongiroi ya miaka ya tisini, kwetu TV haikuzimwa na mama. Ilizimwa na betri.

Wewe uliyekulia Nairobi na stima ukutani acha nikueleze. Ilikuwa Greatwall ndogo, nyeusi na nyeupe, ikila betri ya gari ya volti 12. Betri ikichoka, picha ilianza kujikunja kutoka pembeni, mtangazaji akipungua pole pole hadi akabaki kama stempu katikati ya kioo. Kesho yake mtu aifunge nyuma ya baiskeli, aipeleke senta ikachajiwe, alipe. Kila dakika ilikuwa na bei. Tuliangalia habari za saa moja, basi. Siku ya Vitimbi tuliongezewa kidogo, majirani wamejaa hadi mlangoni.

Tusijidanganye lakini: hakuna aliyekuwa akitulinda sisi watoto. Baba alikuwa akilinda habari zake.

Kituo chenyewe pia kilitubana. Televisheni ilifika Kenya mwaka 1962, na kwa miaka mingi matangazo yalianza jioni na kufungwa usiku. Hata Sauti ya Kenya ilipogeuka KBC mwaka 1989, na KTN ikaanza Nairobi mwaka uliofuata, kwetu mtoto aliyetaka TV saa nne asubuhi angeangalia nini? Chenga tu.

Halafu vizuizi vyote viwili vikaondoka karibu kwa pamoja. Mwaka 2015 mradi wa Last Mile ulishusha ada ya kuunganishiwa stima kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Mwaka huohuo nchi ikahama kutoka analogi kwenda dijitali, dekoda zikaingia na katuni za kutwa nzima. Akina mama ambao hawakuwahi kuhitaji kusema "zima" wakajikuta ni kazi yao, tena bila mfano wa kuiga, maana mama zao hawakuifanya. Shule zilipofungwa Machi 2020 na masomo yakahamia redioni na kwenye TV, hata neno hilo likapoteza nguvu. Ukisema zima, unajibiwa, "Lakini tunasoma!"

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri watoto wa miaka 2 hadi 4 wasizidi saa moja kwa siku mbele ya skrini. Nilicheka. Betri yetu ilikuwa kali kuliko hapo.

Dada yangu bado anaishi Siongiroi na wanawe wawili. Alianza kuficha rimoti kwenye mkebe wa unga. Wakagundua kitufe nyuma ya TV. Akaweka sheria ya saa moja, ikadumu hadi mvua ya kwanza. Krismasi iliyopita kogo, nyanya yetu, alimtazama akibishana nao, akauliza kwa nini asichomoe tu waya.

"Kogo, nikichomoa, nani atakaa nao nikienda kukamua?"

Kogo alitazama ndoo, akatazama watoto, akaomba aongezewe chai.