Anakufuata au anakuandama?

Tuseme binti anauza maembe kwenye steji ya mji wa Wote, Kenya. Kila jioni akiinua ndoo yake, jamaa yuleyule yuko palepale kando ya bodaboda. Akizuia namba yake, kesho anapigiwa na nyingine. Majirani wanacheka: "Si anakupenda tu, ndiyo anakufuata!"

Kufuata ni neno lisilo na kosa; hata kondoo humfuata mchungaji. Kuvizia ni kwa mwizi kichakani, na kunyatia tumuachie paka. Kuandama ndilo lenye uzito wake: kurudia, kung'ang'ania, kutosikia la. Najua mwezi nao huandama, lakini mwezi haumkoseshi mtu usingizi.

Mara nyingi anayeandama ni mume au mpenzi wa zamani. Huyo, Sheria ya Ulinzi dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015 inamgusa: kuandama kumetajwa humo kuwa ukatili, na mahakama, iwe ya Kitui au ya Makueni, inaweza kutoa amri ya ulinzi. Mtu baki wa steji sheria hiyo haimfikii, na hilo ni pengo baya. Akihamia kwenye simu, sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018, kifungu cha 27, iliweka faini ya hadi shilingi milioni 20 au jela hadi miaka 10.

Basi dada, ukifika kituoni usiseme "ananifuata". Sema "ananiandama", utaje siku na saa, na zile meseji usizifute.