Unyago na Lugha ya Wanawake Nachingwea

Hudhaniwa kwamba uwazi wa wanawake katika kuzungumzia mapenzi na ndoa ni zao la usasa. Historia ya Nachingwea inaikanusha dhana hiyo. Miongoni mwa Wamwera, Wamakua na Wayao, jamii zinazofuata nasaba ya mama, yale ambayo mama huona haya kumwambia bintiye yalisemwa unyagoni na kungwi, kwa nyimbo na mafumbo. Katika karne ya 19, wanawake waliochukuliwa utumwani kutoka bara ya kusini waliyafikisha mafunzo hayo Unguja na Mombasa. Hivyo, Kiswahili kilipokuwa kikitoka pwani kwenda bara, lugha hii ya wanawake ilisafiri kinyume chake. Anayeandika historia ya Kiswahili bila makungwi ameandika nusu yake tu.