Memori Kadi ya Mjomba

Jamaa aliyekuja kununua alivaa glavu. Zile nyeupe nyembamba za hospitali. Alimaliza chai kwanza, akazitoa mfukoni, akazivaa polepole, ndipo akafungua katoni ya mjomba. Anti alinitupia jicho. Nyumba ile ya Kibwezi imeona mengi, lakini haijawahi kuona mtu anavaa glavu ili ashike pedi. (Pedi za gemu, usicheke.)

Mjomba alikuwa ametuacha miezi minane. Ndani ya katoni kulikuwa na PlayStation 2 mbili, zile nene za kwanza, moja haina kifuniko. Pedi tisa zilizolika mpira wa vidole hadi ukaona plastiki ya chini. Rundo la CD zilizoandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Memori kadi moja ya megabaiti 8. Na chini kabisa, pedi mpya ndani ya boksi lake, nailoni haijatoboka. Mjomba aliinunua iwe akiba, akaificha wasee wasiione, halafu nadhani akasahau alikoificha.

Jamaa aliichukua hiyo mpya, akaipiga picha pande zote sita, akasema atatoa elfu nne. Na hivi vingine je? Akatabasamu kwa adabu.

"Hivi vimetumika sana."

Nimekaa na hayo maneno wiki kadhaa. Kweli, vilitumika. Ilikuwa ndiyo kazi yao.

Wacha nirudi nyuma. Mjomba alianza mwaka 1996, na hakuanza na PlayStation. Makueni ilikuwa imekatwa kutoka Machakos ikawa wilaya miaka minne tu kabla, na Kibwezi ilikuwa mji wa kupitia: malori ya barabara ya Mombasa yanasimama, watu wanakula, yanaondoka. Yeye alikuwa na televisheni ya Great Wall ya inchi 14, betri ya gari, na kile tulichokiita TV gemu. Mashine yenyewe ilikuwa nakala ya Famicom, ambayo Nintendo waliitoa Japani Julai 1983. Nakala hizo zilitengenezwa Asia bila Nintendo kuulizwa, zikasambaa Afrika nzima, kwa hivyo watoto wengi wa rika langu walimjua Mario kabla hawajasikia jina la kampuni iliyomzaa. Kaseti ilikuwa ya njano na ilijigamba kuwa ina gemu 9999. Ukihesabu zilikuwa kama kumi hivi zinazorudiwa. Contra, Circus Charlie, ile ya vifaru tuliyoiita Tank. Shilingi tano, maisha matatu, ukifa unampa mwenzako.

Kaseti haikushika kumbukumbu yoyote. Betri ikiisha, safari yako yote imeisha, kesho unaanza mwanzo. Hatukuona kama ni shida. Hata bao la mashimo ardhini, lile wazee walicheza chini ya mti kwa mbegu, haliweki matokeo. Mvua ikinyesha mashimo yanajaa udongo, na watu wanachimba mengine.

PlayStation ya kwanza, ile ya Desemba 1994 kule Japani, ilifika Kibwezi ikiwa imechoka tayari. Mjomba aliinunua Luthuli Avenue, Nairobi, imeshatiwa chipu ili isome CD za kunakiliwa. Baada ya mwaka mmoja jicho lake la leza likalegea, na dawa ilikuwa moja, dunia nzima walikuwa wanaifanya: unaigeuza mashine kifudifudi. Sisi tulicheza Tekken 3 kwa miaka miwili mashine ikiwa imelala kwa tumbo. Wateja wapya walidhani ndivyo inavyokaa.

PS2 ilitoka Japani Machi 2000. Kwetu ilifika mwaka 2005, na hapo ndipo kibanda kikawa kibanda. Mabati, viti vya mbao, televisheni mbili, stima ya kuunganisha kutoka duka la jirani. Kumi bob gemu moja. Aliyefungwa anashuka, mshindi anabaki. Winning Eleven ndiyo ilikuwa dini. Liverpool iliandikwa Merseyside Red kwa sababu Konami hawakuwa na leseni ya jina, na hadi leo kuna wazee wa miaka arobaini Kibwezi ambao wakiudhika na Liverpool wanasema Merseyside wametuangusha. Ukichagua Inter, kibanda kizima kilipiga kelele, kwa sababu Adriano alikuwa anapiga shuti ambalo kipa analiona tu kwenye marudio. Watu walifikia kumpiga marufuku. Kulikuwa na karatasi ukutani: ADRIANO HAPANA.

Sasa, jambo ambalo nataka ulielewe kuhusu mashine zile ni njia yake. Zilitoka Nairobi zikiwa na nguvu kidogo. Zikichoka Kibwezi, mjomba hakuzitupa. Alizifunga kwa blanketi, akazipandisha basi, zikavuka mto Athi kuingia upande wa Kitui, zikapita Ikutha hadi Mutomo, ambako alikuwa na kibanda cha pili na ndugu ya anti. Wakati huo barabara ya Kibwezi hadi Kitui haikuwa na lami, ni vumbi jekundu mwanzo mwisho, na vumbi si rafiki ya leza. Mutomo zilichezwa hadi zikakata roho kabisa. Halafu fundi akazifungua, akatoa feni, waya na spika, na vitu hivyo vikaendelea kuishi ndani ya redio za watu. Ndiyo maana leo ukitafuta TV gemu ya mwaka 1996 hapa kwetu hutaipata. Si kwamba hatukuzithamini. Tulizimaliza.

Na hapo ndipo yule jamaa wa glavu ana hoja, na lazima nimpe haki yake. Tuliongea saa nzima. Hakuwa mtu wa madharau. Nairobi ana chumba chenye mashine zaidi ya arobaini, kila moja kwenye rafu, na hakuna hata moja iliyochomekwa kwa stima. Nilimuuliza huwa anacheza lini. Akasema aliacha kucheza zamani, kucheza kunaharibu. Halafu akanitajia namba: mwaka 2023 shirika la Marekani linaloitwa Video Game History Foundation lilitoa utafiti uliosema asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotolewa Marekani haziuzwi tena popote kihalali. Akaniuliza, "Kama huko kwao ni hivyo, huku kwetu ni nani atajua tulicheza nini? Wachezaji hawaweki kitu. Sisi ndio tunaweka."

Sikuwa na jibu pale pale. Nililipata baadaye.

Ukambani si mara ya kwanza mtu kuja na katoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1910 alikuja Mswidi, Gerhard Lindblom, akakaa na Wakamba, akauliza kila kitu: ndoa, nyuki, viapo, vitendawili. Kitabu chake kilichapishwa Uppsala mwaka 1916, na toleo kubwa zaidi likafuata 1920. Baadaye akawa mkuu wa makumbusho ya ethnografia Stockholm. Yeye na wenzake wa enzi ile, wamishenari, maofisa, wafanyabiashara, walibeba pia vitu. Ule mradi wa International Inventories Programme, wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya pamoja na wasanii wa The Nest Collective na SHIFT, umeorodhesha vitu zaidi ya 32,000 vya Kenya vilivyo kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani. Mwaka 2021 walipofanya maonyesho Nairobi, waliweka makabati ya kioo yasiyo na kitu ndani. Tupu. Niliposimama mbele ya kabati moja nilimfikiria umau, babu yangu, na kiti chake cha miguu mitatu chenye waya uliozungushwa kwa ustadi juu. Viti kama kile viko Ulaya, ndani ya vioo, vinang'aa. Cha umau kilikuwa na shimo la kuchomwa na kaa la moto, na mguu mmoja uliorudishiwa kwa msumari. Hakuna makumbusho yangekitaka. Kilikuwa kimekaliwa sana.

Lakini huyo huyo Lindblom alifanya jambo lingine ambalo mimi limenipa heshima kwake. Mwaka 1930 alichapisha kijitabu kuhusu michezo ya uzi barani Afrika, ile ya kuzungusha uzi kwa vidole hadi unapata umbo. Fikiria shida aliyokuwa nayo. Uzi wenyewe si kitu, ni uzi. Ukiuweka kwa kioo unaonyesha nini? Njia ya pekee ya kuuhifadhi mchezo ule ni kuandika mwendo wa mikono, kidole hiki kinapita chini ya uzi huu, kile kinaachia, ili mtu wa baadaye achukue uzi wake na aufanye tena. Kukusanya kwa namna hiyo hakupingani na kucheza, maana msomaji lazima acheze ndipo apate kilichohifadhiwa.

Sasa linganisha na soko la gemu la leo. Agosti 2021 kaseti ya Super Mario Bros. ya mwaka 1985 iliuzwa kwa dola milioni 2. Thamani yake inatoka wapi? Nailoni haijafunguliwa. Ndiyo hiyo tu. Gemu ile ile ambayo mjomba aliuza shilingi tano kwa maisha matatu imekuwa mali ya mamilioni kwa sababu kuna nakala moja ambayo hakuna mtoto aliyeigusa. Mimi sina ugomvi na mtu kutumia pesa zake. Ila mtu akiniambia kwamba hiyo ndiyo historia ya gemu, namuuliza historia ya nani. Ile kaseti haijawahi kumtokea mtu yeyote.

Nirudi kwa memori kadi, maana ndiyo ilileta ubishi. Jamaa aliigeuza, akasema atanipa mia mbili, ni ya kampuni yenyewe, si feki. Kisha akasema, kama kitu cha kawaida tu, kwamba akifika Nairobi ataifuta iwe safi. Wanunuzi wanapenda iwe tupu.

Nilimwambia arudishe mezani.

Kwa sababu ninajua kilichomo. Winning Eleven ilikuwa na sehemu ya kuunda wachezaji, na mwaka 2006, wakati wa Kombe la Dunia la Ujerumani, mjomba na wateja walikaa usiku wiki mbili wakaunda timu ya Kibwezi. Wachezaji 23. Kinyozi wa stage akawa namba sita, kipara chake kimefuatwa vizuri. Askari wa chifu, ambaye alikuja mara tatu kufukuza watoto wa shule na mara ya nne akaomba kucheza, akawa kipa. Mwalimu mmoja wa hesabu alipewa pasi 95, nguvu 40. Winga wa kulia alikuwa utingo wa matatu, kijana wa rika langu, mwenye mbio kuliko wote wilayani. Walimpa mbio 99 na hakuna aliyepinga. Alifariki mwaka 2009 kwenye barabara ya Mombasa. Hana picha hata moja ninayoijua. Kwenye kadi ana nywele, ana urefu, ana namna yake ya kukunja soksi, na akipewa mpira anakimbia.

Anti aliuza ile pedi mpya. Elfu nne ni elfu nne, na paa la jikoni lilikuwa linavuja. Jamaa aliondoka kwa amani, na hata aliniachia mfuko mdogo wa plastiki wa kuhifadhia kadi isiingie vumbi. Nilimshukuru, na nautumia.

Mashine za kwenye katoni hazikuwaka. Nilipiga simu Mutomo. Ndugu ya anti akasema bado ana moja, ila inataka ipigwe kofi kidogo upande wa kushoto. Siku hizi kuna lami, nilienda na kurudi siku moja. Jioni hiyo nikaichomeka pale sebuleni, nikaipiga kofi, nikaweka CD isiyo na mikwaruzo mingi, nikaingiza kadi. Ikasoma.

Nilichagua Kibwezi dhidi ya Inter. Anti alikuja na kitambaa cha sahani mkononi, akasimama mlangoni. Tulikuwa tumeshafungwa mawili. Nilifungua orodha ya wachezaji wa akiba nibadilishe beki, na hapo akamwona, namba 14, jina lake kwa herufi kubwa, na kofia ya nywele ambayo mjomba hakuwa nayo tangu mwaka 1998.

"Huyo ni yeye?"

"Ni yeye. Alijiweka akiba. Alisema kocha hachezi."

Akakaa. Akaniambia nimwingize. Nikamtoa mwalimu wa hesabu, nikamwingiza mjomba dakika ya 71. Mbio 58. Mpira wa kwanza akapitwa na kila mtu.

"Hata huko hakimbii," anti akasema, na akanyoosha mkono apewe pedi.