Kutoka Ufumaji hadi Usaili: Istilahi za Mhandisi wa Mifumo

Kijana wa Viwanja Sitini, mjini Ifakara, anayeitwa kwenye usaili wa kazi ya uhandisi wa mifumo hana budi kufanya matayarisho mawili: ya fani na ya maneno. Fani ameisoma kwa Kiingereza. Watu atakaowatumikia huzungumza Kiswahili. Makala haya yanahusu matayarisho ya pili, kwa kufuata historia ya maneno matatu.

La kwanza ni usaili. Neno hili lina asili moja na swali, yaani Kiarabu. Ndilo linalotumiwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ilhali redio na magazeti hupendelea mahojiano. Saili ni kuuliza, na anayeuliza ni mmoja. Mahojiano yatokana na hoja, nazo hutolewa na pande zote mbili. Msailiwa mwenye busara hujitayarisha kwa yote mawili.

La pili ni mhandisi, nalo ni la Kiarabu. Katika maandishi rasmi limechukua nafasi ya injinia, ingawa injinia lingali likisikika karakanani. Ama chombo chake, kompyuta, kilifika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ikazuia uingizaji wa vyombo hivyo, zuio ambalo baadaye lililegezwa. Wataalamu walipendekeza tarakilishi na ngamizi, lakini watumiaji wengi wa Tanzania walishika kompyuta. Funzo ni kwamba istilahi huthibitishwa na matumizi.

La tatu, mfumo, ndilo lenye utajiri mkubwa zaidi. Latokana na kufuma, na Ifakara pana wanawake wafumao vitambaa vya pamba kwa mikono. Nyuzi za mtande hupitiwa na za mshindio. Kila uzi hushikwa na mwingine. Kutokana na maana hiyo tukapata mfumo wa elimu, mfumo wa sheria, na hatimaye mfumo wa kompyuta.

Mfano haupo mbali. Tangu mwaka 1996, watafiti wa afya wa Ifakara wamekuwa wakifuatilia vizazi, vifo na uhamaji katika kaya za Kilombero na Ulanga. Aliyehama kijiji kimoja na kuingia kingine lazima atambuliwe kuwa ni mtu yule yule. Vinginevyo atahesabiwa mara mbili, au asihesabiwe kabisa. Kumbukumbu za ziara ya leo hazina budi kushikamana na za ziara iliyopita, kama uzi na uzi.

Msailiwa awezaye kueleza jambo hilo kwa Kiswahili sanifu, kisha akasema afanyeje umeme ukikatika kabla kumbukumbu hazijahifadhiwa, ameonyesha kwamba ameielewa kazi na hakukariri majina tu. Yafaa walimu wa ufundi wawazoeze wanafunzi kueleza hivyo, na maofisa wanaotangaza nafasi za kazi waandike istilahi za lugha zote mbili. Hapo usaili utapima ujuzi wa mtu, wala hautapima bahati yake ya kukutana na neno.